Usingizi wa Mwalimu

Mtaani kwao cherehani ya Fundi ilikuwa kama saa. Ikilia, watu walijua kwake kuna amani. Ikinyamaza katikati ya kazi, jirani aliyekuwa akifua aliinua kichwa, maana hapo ama Fundi anambembeleza Mwalimu, ama Mwalimu ametoka na Fundi yuko njiani kumtafuta, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na kiatu kimoja hakijafungwa.

Mwalimu alikuwa mdogo wake wa kiume, tumbo moja, na Fundi ndiye dada. Jina hilo hakubandikwa kwa utani. Alifundisha jiografia kweli, na waliosoma kwake wanasema alichora ramani ubaoni bila kutazama kitabu, huku akiwatania waliosinzia. Halafu akaanza kuwasikia watu wakimsema nyuma ya ubao. Mwanzoni aliwajibu kwa sauti ya chini. Baadaye aliung'oa ubao ukutani ili awaone. Ugonjwa wake una jina refu la hospitali, lakini nyumbani waliuita "hali". Hali imepanda, hali imetulia, leo hali si mbaya. Mgeni angedhani wanazungumzia mvua, na hakuwa mbali sana na ukweli, kwa sababu kila siku ya Fundi ilipangwa baada ya kuutazama uso wa Mwalimu asubuhi.

Nani alimpa kazi hiyo? Hakuna. Kazi za namna hii hazitangazwi, wala mtu hafanyiwi usaili. Mama yao ndiye aliyemtunza Mwalimu, mama akazeeka, akafa. Matanga yalipokwisha, mawifi wakabeba masufuria yao, kaka mkubwa akabeba begi lake, na Fundi akajikuta amesimama sebuleni na Mwalimu. Basi. "Wewe ndiye uliyezoeana naye," walimwambia, utadhani kuzoeana ni cheti.

Huyo kaka mkubwa walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha kundi la familia kwenye simu na hakukubali mtu mwingine aliongoze. Aliishi mji mwingine, mbali, na alijua mengi sana kuhusu maradhi ya akili. Kila Jumapili alituma ujumbe mrefu wa sauti: apewe mboga za majani, apunguziwe sukari, atembezwe, asiachwe peke yake, asizongwe na watu. Akimaliza anasema, "Tuko pamoja." Fundi alisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano. Siku moja uvumilivu ulimwishia, akajibu, "Kaka, kama tuko pamoja, mbona huku sikuoni?" Kundi zima lilinyamaza kutwa, mpaka shangazi mmoja alipotuma picha ya maua.

Tusimwonee Mwenyekiti, aliwahi kuja. Alifika wakati wa likizo akatangaza kwamba Fundi apumzike, yeye yupo. Kesho yake asubuhi alikutwa sebuleni macho mekundu, taulo limefungwa kichwani, anauliza kama kuna dawa ya maumivu. Aliondoka kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo ushauri wake ulizidi kurefuka.

Watu wakisikia fulani anamtunza mgonjwa hufikiri uji na mashuka. Mwalimu alikula mwenyewe, akaoga mwenyewe, na nguo zake alizikunja vizuri kuliko za Fundi. Kazi ilikuwa ya masikio. Fundi alisikiliza. Alisikiliza nyayo za chumba cha pili, bomba lililoachwa wazi, redio iliyozimwa ghafla. Alijua kutofautisha kimya cha mtu anayesoma na kimya cha mtu anayesikiliza kitu ambacho wengine hawakisikii. Hata akiwa sokoni anachagua vifungo, masikio aliyaacha nyumbani, na muuzaji ilimbidi amwite mara mbili ndipo ashtuke.

Halafu kulikuwa na mambo ya mkasi. Fundi gani wa nguo hufungia mkasi wake? Huyu alifungia. Kila aliponyanyuka kwenye cherehani, hata kama ni kwenda chooni, aliweka mkasi, wembe na sindano kubwa ndani ya sanduku la chuma, akalifunga kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Mwalimu hakuwahi kumdhuru mtu. Ila aliwahi kukata waya wa pasi ukiwa na umeme, kwa sababu pasi ilikuwa ikimnong'oneza, akarushwa hadi ukutani. Fundi hakutaka kumwokota tena mdogo wake sakafuni akiwa hajui kama anapumua.

Uchovu haukuja siku moja na kubisha hodi. Kwanza uliondoa ladha ya chakula. Akawa anakula kwa kuwa ni wakati wa kula. Kisha ukaondoa kicheko, na hapo Mwalimu ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu alikuwa mcheshi hata katika siku zake mbaya. "Dada," alimwambia, "wateja wako unawapima viuno, vichwa nani atawapima?" Zamani maneno kama hayo yangemvunja Fundi mbavu. Sasa alikanyaga pedali, cherehani ikajibu kwa niaba yake.

Kisha siku moja alikwenda msibani kwa jirani. Akaingizwa kuaga maiti, bibi kizee mwenye uso uliotulia, na kabla hajapata nafasi ya kusikitika alipatwa na wivu. Alimwonea wivu kwa sababu alikuwa amelala na hakuna mtu atakayemwamsha. Alitoka nje amejiziba mdomo, akihofu huenda amelisema wazo lile kwa sauti. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kundi la Mwenyekiti?

Na ukitaka kumziba mtu mdomo barabara, msifu. "Una moyo wa pekee, Mungu atakulipa," walimwambia akina mama wakija kupimwa magauni. Walisema kwa nia njema, sina shaka. Lakini mtu akishavikwa sifa ya namna hiyo, atasemaje kwamba kuna asubuhi anaisikia sauti ya mdogo wake ikimwita na mwili wote unakataa? Fundi alitabasamu, akashika futi, akapima mabega.

Kitu kilichoishikilia nyumba ile yote kilikuwa kidonge cha jioni. Zamani, mama yao akiwa hai, Mwalimu aliwahi kulazwa katika wodi ya wakati huo, akarudi na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono. Mama aliapa kwamba mwanawe hatarudi kule, akamwapisha na Fundi. Lakini dawa ilikuwa lazima, na Mwalimu akaikataa. "Kama ni nzuri hivyo," aliuliza, "mbona nyinyi hamnywi?" Swali la haki kabisa. Basi mwenye duka la dawa akamtafutia Fundi vidonge vya vitamini, vidogo, vyeupe, vya duara, ambavyo ukivilaza karibu na vya Mwalimu vilikuwa kama mapacha.

Kila jioni baada ya kula, Fundi aliweka mezani vifuniko viwili vya chupa, kimoja mbele ya Mwalimu, kimoja mbele yake, na kidonge ndani ya kila kifuniko. Walitazamana, wakameza pamoja, wakafungua midomo na kuonyeshana ndimi kama watoto.

"Umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe?"

"Nimemeza."

Asipomeza dada, mdogo wake hamezi. Fundi akiwa na homa, alimeza. Akiwa na hasira naye, alimeza. Mwenyekiti alipojaribu kushika zamu ile jioni yake moja, Mwalimu alimtazama akamwambia, "Wewe kwanza," na Mwenyekiti badala ya kumeza akaanza hotuba. Ndiyo sababu, miaka yote ile, Fundi hakuwahi kulala nje ya nyumba yake. Dawa ilifuata koo lake.

Kosa lilitokea wakati shule zinakaribia kufunguliwa. Mkuu wa shule ya jirani, mama mkali lakini mwungwana, alikuwa amempa Fundi kazi ya kushona sare za darasa zima. Fundi alishona mpaka miguu ikavimba. Jioni moja alitoa vidonge huku anasinzia, akaweka, wakameza, wakaonyeshana ndimi. Kabla hajamaliza kuondoa vyombo, ulimi ulikuwa mzito na meza ilikuwa inasogea. Aliufikia mkeka wa chumbani kwake kwa kushika ukuta.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda. Mdomo ulikuwa mkavu kama amelamba chaki. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Dada, umelala kama gunia," alisema. "Nimekuita, nimekuita. Nikasema aah, mwache."

Fundi alishtuka, akajipapasa shingoni, ufunguo upo. Akasikiliza nyumba: imetulia. Hapo ndipo alipoona kwamba mgongo haumuumi. Kichwa kilikuwa kizito, lakini mahali pale nyuma ya macho, palipokuwa pamekaza kwa muda asioujua, palikuwa pamelegea. Aliketi juu ya mkeka akalia kwa raha. Alipokwenda mezani akakuta chupa mbili za vidonge zimebadilishana vifuniko, akaelewa alichofanya: amemeza kidonge cha Mwalimu, na Mwalimu amemeza vitamini.

Siku ile nzima alitembea kama mtu anayevuka mto, kila hatua inavutwa. Njaa nayo ilimsumbua. Akawaza jinsi alivyokuwa akimtolea uvivu Mwalimu kila asubuhi: amka, mtu mzima unalala mpaka saa hizi, hujui watu wako kazini. Kumbe kila asubuhi Mwalimu alikuwa akiamka kutoka shimoni. Fundi aliona haya. Lakini haya ile haikuwa na nguvu kama kumbukumbu ya usingizi wenyewe.

Jioni ilipofika aliviweka vidonge sawasawa, kila kimoja mahali pake. Akavitazama. Mwalimu alikuwa bado ananawa mikono. Fundi akanyoosha vidole, akavibadilisha.

Leo tu, alijiambia.

Mhukumu ukitaka, ni haki yako. Lakini mhukumu ukiwa umelala vizuri, kisha jiulize ungemhukumu hivyo hivyo kama ungekuwa na miaka hujalala bila sikio moja kubaki wazi.

Leo tu ikazaa leo tu nyingine. Kila jioni Mwalimu alimeza vitamini na kuutoa ulimi wake wote nje kwa uaminifu. Kila jioni Fundi aliutazama ulimi ule akasema vizuri, kisha akaenda kulala fofofo. Mwanzoni ilionekana kama neema kwa wote wawili. Mwalimu aliamka mapema, akafagia ua, akaimba, akamtania jirani anayefua mpaka sabuni ikamponyoka mkononi. Fundi akajipa moyo: huenda hata haihitaji tena ile dawa, huenda miaka yote tulikuwa tunamlaza bure.

Kisha redio ikaanza kuzimwa. Mwalimu akaacha kuimba, akawa anasimama dirishani na kulisogeza pazia kwa kidole kimoja. Chai akainusa kabla ya kunywa. Macho yakaingia ndani. Kama kuna mtu duniani aliyezijua dalili zile, ni Fundi. Aliziona, zote, moja baada ya nyingine. Hapa simtetei. Aliziona mchana akasema leo jioni nitamrudishia dawa yake, na jioni ikimkuta amechoka hoi, vidole vinabadilisha vidonge vyenyewe.

Asubuhi ambayo sare zilikuwa zichukuliwe, Fundi aliamka kwa kusikia kimya. Si kile cha mtu anayesoma. Alijishika shingoni: ufunguo upo. Lakini jana yake usingizi ulimvuta kabla hajalifunga sanduku, na ufunguo shingoni ulikuwa unalinda sanduku lililo wazi.

Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni katikati ya sare. Mashati, sketi na kaptura zilizokuwa zimepigwa pasi na kukunjwa tayari, zote alikuwa amezifumua kwa wembe. Alifumua kwa utulivu na ustadi. Hakuchana hata kitambaa kimoja. Kola zilikuwa upande huu, mikono upande ule, vifungo ndani ya bakuli, na nyuzi zimetapakaa kila mahali kama nywele kwa kinyozi. Vidole vyake vilikuwa na mikato midogo iliyokuwa ikivuja damu.

"Nimewawahi, dada," alisema bila kuinua kichwa. Sauti ilikuwa imekauka. "Majina ya watoto yalikuwa yameshonewa ndani ya pindo. Wangewafuata mpaka majumbani kwao. Nimewatoa wote."

Fundi alikaa chini palepale. Wazo la kwanza, na baadaye lilimuumiza kuliko yote, lilikuwa kuhusu kazi yake. La pili lilikuwa kwamba mwalimu huyu, mgonjwa, asiyelala, amekesha akiwaokoa watoto wa watu, na aliyemnyima usingizi ni yeye.

Hakupata muda wa wazo la tatu. Mkuu wa shule alibisha hodi. Mwalimu aliruka akauziba mlango kwa mikono miwili, akatoa ile sauti yake ya darasani ambayo mtaa haujawahi kuisikia.

"Hazitoki! Hakuna mtoto atakayevaa hizi! Mama, rudi, wahesabu wanafunzi wako, rudi!"

Mkuu wa shule alirudi nyuma, mkoba kifuani. Watu wakajaa. Wengine walisimama mbali na simu zao zimeinuliwa, na jirani anayefua akawafukuza kwa kuwarushia maji ya sabuni, Mungu amweke. Yeye ndiye aliyeita teksi. Yeye ndiye aliyemwambia Mwalimu polepole, "Twende tukawaeleze wakubwa habari za hao watoto," na Mwalimu akakubali kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyemwelewa. Fundi alipanda nyuma pamoja naye. Njia nzima alimshika mkono wenye mikato vidoleni, na njia nzima aliogopa swali ambalo alijua litaulizwa.

Hospitali ilikuwa na korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mtu mzima, miwani imeteremka puani, mwenye sauti ya mtu aliyeona mengi na anayetamani kukaa chini.

"Anatumia dawa?" aliuliza.

Mwalimu akamwahi Fundi. "Natumia. Kila jioni. Sijaruka hata siku moja."

Muuguzi aliinua macho, akamtazama Fundi juu ya miwani. Mtazamo ule Fundi aliujua. Alikuwa ameutoa mwenyewe mara nyingi. Ni mtazamo wa wazima wawili wanaokubaliana kimya kimya kwamba huyu hapa hasemi kweli.

"Dada," muuguzi alisema kwa upole, "amekuwa akikataa tangu lini?"

Ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji hata kudanganya; angeinama tu, akaguna, na jambo lingekwisha. Wagonjwa hukataa dawa, kila mtu anajua. Mwenyekiti angesema, "Nilijua tu." Mtaa ungesema maskini Fundi, pamoja na moyo wake wote ule.

"Muulize dada," Mwalimu alisema. Jicho moja lilikuwa kwenye kona ya dari, lakini hili alilishikilia. "Namwonyesha ulimi kila siku. Muulize. Dada hanisemei uongo."

Fundi akainua kichwa.

"Anasema kweli," alisema. "Hajakataa. Nimekuwa nikivibadilisha. Vyake nameza mimi, yeye nampa vitamini. Nilikosea mara ya kwanza, nesi, kweli nilikosea. Baadaye nilifanya makusudi, kwa sababu nilikuwa nataka kulala."

Kwa kuwa alikuwa ameshaanza, hakujua pa kusimama. Akamgeukia mdogo wake. "Na hata zamani, Mwalimu. Vidonge vyangu havikuwa dawa kama yako. Miaka yote. Vilikuwa vitamini tu. Tulikudanganya ili umeze. Nisamehe, mdogo wangu. Nimechoka. Nimechoka mpaka nimekuwa mtu mbaya."

Muuguzi alivua miwani yake akaiweka mezani. Mwalimu alimtazama dada yake kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake hayakukimbilia darini.

"Kwa hiyo ulilala?" aliuliza.

"Nililala."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

"Usingizi wake mzito ule," Mwalimu alisema. "Halafu asubuhi mdomo unakauka."

"Unakauka kama chaki."

"Na miguu si yako."

"Si yangu kabisa."

"Eeh," alisema Mwalimu, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye amekuwa akiieleza nchi fulani miaka mingi kwa watu wasiowahi kufika, na leo amekutana na mmoja aliyefika. "Nilikuwa nakwambia, ulisema mimi mvivu."

Fundi alilia hapo bila kujificha. Muuguzi akamsogezea kitambaa, akaeleza kwa ufupi kwamba Mwalimu alazwe mpaka dawa ikae tena mwilini, na kwamba Fundi asiguse tena dawa isiyo yake. Kisha akasema jambo ambalo Fundi hakulitegemea: kwamba kila wiki anawaona wanaowatunza wagonjwa wakifika pale wamekwisha kuliko wagonjwa wao, na hakuna anayewauliza wanalalaje, hata yeye mwenyewe husahau kuwauliza.

"Sikuulizi ili nikulaumu," alisema. "Lakini nyinyi hamna ndugu mwingine?"

"Yupo kaka mkubwa. Anatuma sauti."

"Leo atatumiwa yeye," alisema muuguzi, akaiomba namba.

Ilibaki wodi. Fundi alikikumbuka kiapo cha mama, akautazama mlango wa wodi. Aliyesema ni Mwalimu.

"Kamba bado zipo?"

"Hapana," alijibu muuguzi. "Siku hizi hatufungi mtu."

"Nitaangalia mwenyewe."

Akaenda, muuguzi nyuma yake, kama mkaguzi aliyetumwa na wizara. Aliinama akatazama chini ya kila kitanda, akapapasa vyuma vya pembeni, akafungua kabati, akamwuliza mgonjwa mmoja aliyekuwa akisoma gazeti kuukuu. Alirudi akasimama mbele ya dada yake.

"Hazipo," alisema. "Nitakaa."

Muuguzi akaleta kikombe cha maji na kidonge. Fundi, bila kufikiri, alinyoosha kiganja kupokea chake. Hakukuwa na chake. Mkono ulibaki hewani. Mwalimu akakitazama kile kidonge kimoja, akamtazama dada yake, akakitia mdomoni, akanywa maji. Kisha akamwonyesha muuguzi ulimi.

Basi. Amemeza peke yake, kama mtu yeyote anavyomeza. Kitu cha kwanza alichohisi Fundi kilikuwa hasira: kumbe inawezekana! Miaka yote amefungwa kwenye meza ile, na kumbe inawezekana! Cha pili kilikuwa wepesi, kana kwamba mtu amemtua ndoo kichwani. Cha tatu aibu, kwa sababu ya huo wepesi. Vyote vitatu vikakaa pamoja ndani yake, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

"Kesho nitakuletea nguo," alimwambia.

"Kesho usije." Mwalimu alikuwa ameshakaa kitandani, anavua viatu na kuvipanga. "Njoo ukishalala. Ila ulale usingizi wako, dada. Wangu uniachie."

Fundi alitoka. Alipita korido ya kijani, akateremka ngazi, akafika uwanjani karibu na lango. Pale palikuwa na benchi la saruji ambapo watu walisubiri saa ya kuwaona wagonjwa. Simu yake ililia. Ilikuwa ni Mwenyekiti, na safari hii hakutuma sauti, alipiga. Fundi akaitazama mpaka ikanyamaza. Akaketi afunge kiatu chake vizuri, maana nyumbani kulikuwa na darasa zima la sare la kushonwa upya na mkuu wa shule wa kuombwa radhi. Aliinama, akashika kamba ya kiatu. Hakukumbuka kilichofuata.

Aliguswa bega. Jua lilikuwa upande mwingine wa uwanja, na benchi lilikuwa tupu. Mbele yake alisimama mlinzi aliyeingia zamu, hamjui, anamtazama kwa mashaka: mwanamke mtu mzima, nyuzi zimemganda nguo nzima, ufunguo shingoni, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Samahani, mama," alisema mlinzi kwa upole, sauti ile wanayofundishwa. "Tunafunga lango. Wewe ni mgonjwa wa humu, au umekuja kumtazama mgonjwa?"

Fundi alijipangusa mate shavuni, akaketi sawa, akalifikiria swali.